Mjusi wa Tendaguru njia panda: mzima, nusu, au mfupa mmoja?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana katika mji mdogo mkoani Lindi. Tumechangishana shilingi milioni tatu na laki mbili ili tuweke sanamu ya yule mjusi mkubwa wa Tendaguru njia panda, pale mtu anapoingia mjini. Fundi tuliyempata anataka milioni tisa amjenge kwa zege, kimo cha mita sita, apakwe rangi ya kijani. Mzee mmoja wa kamati anasema hizo hela zikajenge choo cha soko. Shehe wetu naye hakufurahi kusikia habari ya sanamu ya mnyama. Tuendelee, tupunguze au tuache?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu lenyewe ili usisome huku roho iko juu. Mjusi msimjenge. Jengeni mfupa wake mmoja, kwa ukubwa wake halisi, na njia panda msiuweke.

Najua umekunja uso. Mmewaahidi watu mjusi, halafu anakuja mzee wa Mtwara anawaambia muwape watu mfupa. Nisikilize kwanza.

Mjusi wenu, yule dinosaria ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru na sasa imesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, Ujerumani, ana kimo cha mita 13.27. Fundi wenu anataka kumfanya wa mita sita. Twiga dume aliyeshiba anafika mita tano na nusu. Maana yake milioni tisa zenu zitanunua twiga mnene wa kijani mwenye mkia. Mgeni atashuka kwenye basi, atatazama, ataondoka akiamini mnyama wa Tendaguru alikuwa wa ukubwa ule. Mtakuwa mmelipa ili mumpunguze mnyama ambaye sifa yake yote ni ukubwa.

Na hata mkizipata fedha za kumjenga mzima, mtajenga yupi? Alipounganishwa mara ya kwanza pale Berlin, mwaka 1937, miguu ya mbele ilipanuliwa viwiko nje, kama kenge anayepanda kichuguu. Alipofumuliwa na kuunganishwa upya, kazi iliyokamilika mwaka 2007, miguu ikanyooshwa ikaingia chini ya mwili. Wataalamu wenyewe, wenye mifupa mkononi, walikaa na mjusi aliyesimama vibaya kwa miaka 70. Ngozi yake hakuna aliyeiona. Hiyo kijani ni ya duka la rangi. Na sanamu isiyofanana na mwenyewe watu hawaisamehi. Unaikumbuka ile ya uso wa Cristiano Ronaldo uwanja wa ndege wa Madeira mwaka 2017, dunia nzima ilivyocheka hadi ikabadilishwa?

Mfupa hauna mgogoro huo. Mfupa upo, umepimwa. Ule wa mguu wa mbele, unaotoka begani kushuka kwenye kiwiko, una mita 2.13. Mchukue kijana wa kimo cha mita 1.78, mtwike debe la maji. Mdomo wa debe ndio unafika mwisho wa mfupa huo mmoja. Mtoto wa darasa la pili akisimama pale hahitaji kibao cha maelezo. Atatazama juu, atatazama mkono wake mwenyewe, hesabu itakuwa imekwisha.

Lakini sababu kubwa ni nyingine, na hii ndiyo ungepaswa kuisimamia mkutanoni. Babu zenu hawakumjua mnyama huyu akiwa mnyama. Walimjua akiwa mifupa. Mwaka 1906 mhandisi mmoja Mjerumani, Bernhard Sattler, alitupia macho mfupa mkubwa uliotokeza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru. Kuanzia 1909 hadi 1913 wakaja wachimbaji wa makumbusho ya Berlin, na waliochimba hasa walikuwa watu wa huku, mamia yao, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilisafirishwa. Kwa gari? Kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku nne hivi hadi bandari ya Lindi, vipande vimefungwa kwa udongo na mianzi. Mzigo ule ndio historia ya sanaa yenu. Mkiweka mfupa mmoja mmewaweka na wapagazi, hata bila kuchonga mtu. Mkiweka mjusi mzima wa kijani, wapagazi wametoka kwenye picha na mmebaki na kikatuni.

Kwa hiyo maandishi yasiwe "Karibuni mji wa mjusi". Jina la Boheti bin Amrani liandikwe, na chini yake neno la wale ambao majina yao hayakuandikwa. Liandikwe kwa msumari kwenye saruji mbichi. Kibao cha shaba kitaondoka na mtu wa vyuma chakavu kabla ya Idi.

Sasa zege. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoaibika.

Miaka mingi nyuma nilipewa kazi kwenye kijiji cha wavuvi kusini mwa Mikindani. Walitaka sanamu ya samaki chewa, mkubwa, mdomo wazi, akae karibu na mnada wa samaki. Nilikuwa na haraka na nilikuwa natafuta jina. Mchanga ulikuwa pale pale chini ya miguu, mweupe, wa bure, watoto wananiletea ndoo kwa senti kidogo. Maji nilichota kisima cha jirani, yale ambayo hata chai hayafai. Mwaka wa kwanza chewa alipendeza, watu wakapiga naye picha. Mwaka wa pili chini ya pezi ukatokea mstari mwembamba wa rangi ya chai. Nikaupaka rangi nikajifanya sikuuona. Mwaka wa tatu mstari umekuwa ufa unaoingiza sarafu. Nikachokonoa kwa ncha ya bisibisi, kikabanduka kipande cha ukubwa wa kiganja. Ndani yake nondo niliyoiweka ikiwa ya milimita 10 imekonda kama ya sita, imevikwa maganda ya kutu, ganda juu ya ganda kama kitunguu. Mwaka wa nne taya la chini lilianguka usiku. Mchana watoto walikuwa wanakaa mle mdomoni.

Kilichomuua chewa ni chumvi. Chumvi ya mchanga na ya maji inatembea ndani ya zege hadi kwenye nondo, nondo inashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo inatafuta pa kutokea. Haina njia nyingine ila kupasua. Ufa ukifunguka, upepo wa bahari unaingiza chumvi zaidi. Ukiona ile rangi ya chai, ndani kumeshaharibika.

Basi fanyeni hivi. Mchanga uwe wa mtoni, wa bara, uoshwe. Weka punje chache ulimini. Ukisikia chumvi, lori lirudi lilikotoka hata kama limelipwa. Maji yawe ya kunywa. Nondo nne za milimita 12 zisimame ndani ya mfupa kutoka juu hadi chini, zishuke ndani ya kitako cha zege kilichozama ardhini si chini ya sentimita 80, zikunjwe huko chini kama miguu ya kuku. Zizungushiwe ringi, kisha wavu wa kuku tabaka mbili. Kati ya nondo na hewa kuwe na sentimita tano za zege kila upande, na fundi asikadirie kwa jicho, aweke biskuti za zege, vile vipande vidogo vya kuitenga nondo na ukingo. Plasta ya juu iwe ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga, ikandamizwe kwa mwiko na si kurushiwa. Ndani msiache uwazi, nyuki na nge wanapapenda. Kisha magunia yaliyolowa juu yake siku 14, asubuhi na jioni mtu anamwagia. Fundi atakuambia siku tatu zinatosha. Usimkubalie.

Kwa makadirio yangu kazi yote, pamoja na kitako, haili zaidi ya mifuko 15 ya saruji. Ukilipa mafundi na lori la mchanga, katika milioni zenu tatu na laki mbili chenji inabaki. Ile ya mita sita, kwa milioni tisa, sioni msingi wake unatoka wapi. Kitu kirefu chenye mwili mpana kinakamata upepo kama tanga. Kule Gateshead, Uingereza, kuna sanamu ya Antony Gormley iliyosimamishwa mwaka 1998, mtu mwenye mabawa kama ya ndege, kimo mita 20. Chuma cha juu ni tani 200, zege iliyozikwa chini kumshikilia ni tani 600. Wanaoipiga picha hawaoni kwamba sehemu nzito ya kazi iko ardhini. Na sisi siku hizi vimbunga si hadithi tena. Hidaya, Mei 2024, alikata barabara upande wa Somanga watu wakalala njiani. Muulizeni fundi wenu swali moja tu, msingi una kina gani. Akianza kusimulia rangi, mwacheni.

Rangi msipake kabisa. Rangi ya mafuta juu ya zege pwani inabanduka kila mwaka, na kila mwaka mtachangishana. Mkitaka mfupa uwe mweupe, upakeni chokaa, kama makaburi ya zamani. Mvua zetu ni msimu mmoja, zikiisha Aprili vijana wanachukua ndoo na ufagio, asubuhi moja imetosha.

Na benchi. Mfupa uwe na benchi ya kuuzunguka, ya mawe, na humo msitie chuma hata kidogo. Kama hamjaenda Kilwa Kisiwani nendeni, mkoa ni wenu. Magofu ya kasri la Husuni Kubwa ni ya mwanzoni mwa karne ya 14, mawe ya matumbawe na chokaa, imekaa ukingoni mwa bahari, chumvi inaingia na kutoka miaka 700, na kuta mnaziona. Ndani hamna nondo ya kushika kutu. Matumbawe hai msivunje, mawe ya machimbo ya zamani yanatosha.

Kuhusu umbo la mfupa wenyewe, mwashi peke yake hatoshi. Mfupa si bomba. Una kichwa kilichotanuka, umepinda kidogo, chini una vifundo viwili. Tafuteni mchongaji wa Kimakonde, Newala hadi Mtwara mjini wapo, awachongee kielelezo cha moja kwa kumi, sentimita 21.3, kwa mti wowote mwepesi. Msitumie mpingo. Mpingo unangoja miaka 70 na zaidi ndipo uvunwe, na ukiuanika juani nje unapasuka, hivyo tuuachie kazi za ndani. Kielelezo hicho ndicho fundi mwashi atakachokipima kwa rula, akizidisha kwa kumi. Na ndicho mtakachompelekea shehe.

Mimi si mtu wa fatwa, na sitaki kijana yeyote aende kumwambia shehe kwamba mzee wa Mtwara kasema. Ila ninavyojua, linalowasumbua wengi ni umbo kamili la kiumbe chenye roho, lenye kichwa na uso. Mfupa hauna uso. Mpelekeeni kielelezo akishike, tena kabla ya mkutano. Mtu aliyeulizwa kabla husema "rekebisheni hapa". Aliyeulizwa baada husema "hapana". Mwaka 1981 serikali ya Marekani iliweka ukuta wa chuma wa mchongaji Richard Serra katikati ya uwanja mmoja New York, mita 36 za chuma kilichopinda, na waliofanya kazi pale wakalazimika kuuzunguka kila siku. Mchongaji ni mmoja wa wakubwa wa karne ile. Mwaka 1989 ulikatwa ukaondolewa usiku. Mimi ule ukuta naupenda. Lakini sikuwa mimi niliyekuwa nauzunguka.

Ndiyo maana nasema si njia panda. Kwanza sheria. Barabara kuu ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa Sheria ya Barabara ya 2007, na mnajua ile X nyekundu ya kubomolewa inavyopakwa bila salamu. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, nao waulizwe kwa barua. Lakini hata mkipewa kibali, nani anasimama njia panda? Dereva anapita akiwa na kasi, bodaboda anatazama abiria. Kitu cha kuguswa kinawekwa watu wanapokaa. Kaeni siku mbili na daftari, moja iwe ya gulio, mwandike wapi watu wanangoja. Basi, daktari, mashine ya kusaga, mpira kwisha. Nadhani mtaishia chini ya mwembe fulani karibu na stendi, penye kijiwe tayari, na mama ntilie kashaweka meza. Huyo mama ndiye mlinzi wenu, na hataomba mshahara.

Usiniambie nani atafunga safari kuja kuona mfupa porini. Burkina Faso kuna mahali panaitwa Laongo, nje ya Ouagadougou. Tangu 1989, kwa wazo la mchongaji Siriki Ky, wasanii wanachonga mawe ya matale pale pale yalipolala kichakani. Hawakuleta jiwe wala hawakujenga jumba, na watu wanakwenda. Japani, mkoa wa Niigata, vijiji vya mpunga vilivyokimbiwa na vijana vilianza mwaka 2000 tamasha la kila miaka mitatu liitwalo Echigo-Tsumari. Kazi ziko mashambani, kwenye nyumba zilizoachwa, kwenye shule zilizofungwa kwa kukosa watoto. Nililolipenda kule ni kwamba wazee wa kijiji wanashiriki kuzitunza kazi na kuwapokea wageni. Nyie mna faida kuliko wao, kwenu watoto wapo wa kumwaga.

Mzee wa choo sasa. Kama soko halina choo, mzee yuko sahihi na msibishane naye. Kama fedha zilichangwa kwa jina la sanamu, haziwezi kugeuzwa choo bila kuwarudia waliochanga. Zote mbili zisemwe wazi kwenye mkutano. Ningekuwa mimi, ningempa huyo mzee uenyekiti wa mfupa, na chenji inayobaki ikaanzie shimo la choo. Mzee wa namna hiyo akisimamia, mfuko wa saruji haupotei. Muhtasari wa mkutano uandikwe, usainiwe, nakala iende halmashauri.

Na jambo la kutowafanyia mzaha: asije mtu akawaambia atawaletea mfupa wa kweli kutoka kilimani. Kuchimbua au kuchukua mabaki yale bila kibali cha Mambo ya Kale ni kosa kisheria, na ukiyachukua umewaibia wajukuu zako. Mjadala wa kumrudisha yule wa Berlin umefika hadi bungeni. Itakuwa aibu tukimdai Mjerumani huku mjini kwetu vipande vinauzwa.

Kabla ya kununua hata mfuko mmoja, fanyeni zoezi hili ambalo halina gharama. Siku ya gulio, kwenye uwanja wa mpira, chukueni kamba na majivu, mmchore mjusi mzima ardhini kwa ukubwa wake. Kutoka pua hadi ncha ya mkia ni mita 22 hivi, miguu ianguke ubavuni. Si jambo geni huku. Wayao katika jando na unyago walikuwa na picha za kufinyanga ardhini kwa udongo na unga, na shughuli ikiisha zinafutwa. Ya ndani siyasemi, wenyewe wapo. Lakini kinyago na unyago si maneno yaliyokutana kwa bahati. Waacheni watoto watembee kutoka mkiani hadi kichwani, kisha wazee. Msieleze kitu. Mmoja wenu akae pembeni aandike watu wanasema nini, maana humo ndimo mtakapopata maneno ya kuandika kwenye saruji. Upepo wa jioni utamfuta mjusi, na kesho yake mtu atauliza yuko wapi. Wasipouliza, rudisheni fedha za watu na mjenge choo.

Mkishachora nitumie picha, iliyopigwa kutoka juu ya paa la shule kama lipo. Na mchanga ukifika, kabla haujamwagwa, nifungie kidogo kwenye karatasi umpe kondakta wa basi la Mtwara. Nitauonja mwenyewe.